Frank Bowden wa Raleigh: mtu aliyeacha alama zake kwenye baiskeli ya babu

Katika nyumba nyingi za Miyuji, na katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Dodoma, baiskeli ya zamani bado ipo. Pengine imeegemezwa nyuma ya ghala, haina matairi, na kuku wanalala juu ya keria yake. Pengine bado inafanya kazi: asubuhi inabeba madumu ya maji, jioni inabeba gunia la mkaa. Babu aliinunua enzi zake, na watu wa nyumbani wanaiita Raleigh hata kama maandishi yalishafutika.

Siku hizi baiskeli za namna hiyo zina wateja. Wapo watu, mijini kwetu na nje ya nchi, wanaokusanya vitu vya kale, na kwao baiskeli iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani ni mali. Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Mmoja huuza kwa bei ya chuma chakavu kitu ambacho angekipatia fedha ya maana. Mwingine hununua kwa fedha nyingi baiskeli ya juzi iliyovalishwa nembo ya kale. Wa tatu hununua baiskeli ambayo namba yake imesagwa, kisha mwenye mali anajitokeza na askari.

Wote watatu wangeepuka hasara kama wangejua kusoma fremu. Leo tunafundishana kusoma huko, lakini tunapita njia ndefu kidogo: tunasimulia maisha ya Frank Bowden, mtu aliyeikuza kampuni ya Raleigh. Tumechagua njia hii kwa sababu karibu kila hatua ya maisha yake iliacha alama ambayo unaweza kuigusa kwa kidole kwenye baiskeli hiyo iliyoko uani.

Kijana aliyetafuta mali ng'ambo

Frank Bowden alizaliwa Januari 1848 katika jimbo la Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Hakuanza maisha kama fundi. Akiwa bado kijana alikwenda Hong Kong, koloni la Waingereza pwani ya China, na huko akapata utajiri mapema. Baadaye alivuka bahari hadi San Francisco, Marekani, akaoa, na mwaka 1880 akazaliwa mwanawe Harold, ambaye tutakutana naye tena.

Fedha alikuwa nazo, lakini afya ilimwendea kombo. Alirudi Uingereza akiwa mgonjwa. Simulizi inayojulikana zaidi juu yake inasema daktari alimpa miezi sita tu ya kuishi, na kwamba alishauriwa apande baiskeli. Akapanda, akapona, akaipenda baiskeli kiasi cha kumtafuta aliyeitengeneza.

Tusimame kidogo hapa. Simulizi hiyo ni nzuri, na kampuni iliitumia vizuri sana kuuzia baiskeli. Bowden mwenyewe mwaka 1913 alitoa kijitabu kuhusu baiskeli na afya. Simulizi inayomletea faida msimuliaji tuipokee kama tunavyoipokea rangi mpya kwenye fremu ya zamani: huenda chini yake kuna chuma kizima, lakini ni lazima tuchunguze. Lisilo na shaka ni kwamba alikuwa mgonjwa, alipanda baiskeli, na aliishi zaidi ya miaka 30 baada ya hapo.

Karakana ya Mtaa wa Raleigh

Mwaka 1887 Bowden alifika katika mji wa Nottingham, katikati ya Uingereza, kwenye karakana ndogo iliyokuwa Mtaa wa Raleigh. Wenyewe walikuwa watatu: Woodhead, Angois na Ellis. Walikuwa wakitengeneza baiskeli kama tatu kwa wiki. Bowden aliipenda kazi yao, akaingiza fedha zake, na mwishoni mwa mwaka 1888 kampuni ikaundwa upya chini ya uongozi wake. Haikuchukua muda ikahamia kwenye jengo la ghorofa lililokuwa la kiwanda cha lesi.

Kwa hiyo jina Raleigh, ambalo wazee wetu walilisoma kwenye fremu kwa fahari, si jina la aliyebuni baiskeli wala la aliyemiliki kiwanda. Ni jina la mtaa. Na mtaa wenyewe uliitwa kwa jina la Walter Raleigh, baharia na mtu wa jumba la kifalme wa karne ya 16, ambaye baiskeli hakuwahi kuiona.

Alama ya kwanza ni hiyo, jina. Na ndiyo alama dhaifu kuliko zote. Jina hubandikwa. Stika ya Raleigh inaweza kuchapishwa leo, na nembo ya bati inaweza kung'olewa kwenye fremu moja ikapigwa ribiti kwenye nyingine. Anayenunua baiskeli ya kale kwa kusoma jina tu ni sawa na anayenunua ng'ombe kwa kuangalia kamba.

Mbio, fedha na hasara

Bowden alijua kuuza. Mwaka 1892 Mmarekani Arthur Zimmerman, mwendesha baiskeli mwenye kasi kuliko wenzake wa wakati huo, alishinda mashindano mengi Uingereza akiwa juu ya Raleigh. Mwaka uliofuata, 1893, alitwaa ubingwa wa kwanza wa dunia uliofanyika Chicago. Picha yake ikatumika kwenye matangazo, na oda zikamiminika.

Mwaka 1896 Raleigh ilifungua kiwanda kipya eneo la Lenton, Nottingham, chenye ukubwa wa ekari saba na nusu. Wakati huo hakikuwapo kiwanda kikubwa zaidi cha baiskeli. Mwaka huohuo mfanyabiashara aliyeitwa Ernest Hooley, bingwa wa kununua kampuni na kuziuza kwa umma kwa bei ya juu kupita thamani yake, aliingiza mikono yake Raleigh pia. Miaka miwili baadaye Hooley alifilisika. Soko la baiskeli nalo lilishaporomoka, kwa sababu kila mwenye karakana alikuwa amekimbilia kutengeneza baiskeli.

Kampuni nyingi zilikufa. Bowden hakukimbia. Alipambana kwa miaka, na mwaka 1908 kampuni ilirudi mikononi mwake. Kilichomwokoa ni uamuzi alioufanya kabla ya mambo kuharibika: kiwanda kijitengenezee vipuri vyake chenyewe, kwa mashine, kwa vipimo vyake.

Meneja wake wa kiwanda alikuwa George Pilkington Mills, mwendesha baiskeli aliyeshinda mbio za kwanza za kutoka Bordeaux hadi Paris mwaka 1891. Chini yake zililetwa mashine za Kimarekani. Viungo vya fremu, ambavyo kwingine vilimiminwa kama masufuria, Raleigh ilivitengeneza kwa bamba la chuma lililokandamizwa na mashine. Viungo hivyo vilikuwa vyepesi na imara. Baadaye kampuni ilijitangaza kuwa baiskeli yake ni ya chuma cha pua na chuma kitupu, yaani haina sehemu dhaifu za kumimina.

Hii ndiyo alama ya pili, na ni ya kweli zaidi. Kiwanda kinachojitengenezea kila kitu huacha saini yake kila mahali. Bolti na nati nyingi za Raleigh za zamani zina herufi R kichwani. Hesi zake, yaani ile mizunguko ya kukazia, kwenye bakuli za usukani na za ekseli ya pedeli, ni 26 kwa kila inchi, wakati viwanda vingine vingi vya Uingereza vilitumia 24. Ndiyo maana fundi wa zamani akichukua bakuli la baiskeli nyingine ya Kiingereza na kulilazimisha kwenye Raleigh, linaingia mizunguko miwili kisha linagoma. Hata hivyo alama hii haitoshi peke yake, kwa sababu anayenakili baiskeli anaweza kunakili na hesi.

Habu yenye majina ya watu wawili

Mwaka 1902 Bowden aliletewa kitu kipya: habu ya gurudumu la nyuma yenye gia tatu ndani yake. Aliona mara moja kwamba hiyo ni biashara, na mwaka 1903 akaanzisha kampuni ya kuitengeneza. Habu hiyo ikajulikana kwa jina la Sturmey-Archer, kutokana na Henry Sturmey na James Archer.

Lakini wachunguzi wa historia ya baiskeli wanatuambia kwamba kazi kubwa ya kubuni habu iliyotengenezwa ilifanywa na mtu wa tatu, William Reilly. Huyu alikuwa amefungwa na mkataba wa kampuni nyingine, uliompa mwajiri wa zamani haki ya mambo yatakayobuniwa naye baadaye. Basi hati ya ubunifu ikaandikwa kwa jina la mwenzake, Archer. Reilly alibaki nje ya jina, na dunia nzima ikawataja wenzake wawili.

Hapa maisha ya Bowden yanatupa somo lilelile la mtaa wa Raleigh: jina lililochorwa juu ya kitu halitoshi kueleza kilikotoka.

Ila habu hiyo ina faida kubwa kwetu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, Sturmey-Archer waligonga mwaka wa kutengenezwa kwenye mwili wa habu, na mara nyingi mwezi pia. Ukifuta vumbi ukakuta 52 na pembeni yake 4, hiyo ni Aprili 1952. Kwa mwenye baiskeli yenye gia za ndani, hicho ni kama cheti cha kuzaliwa. Tahadhari ni moja: ni cheti cha habu, si cha fremu. Gurudumu hubadilishwa.

Korongo

Mwaka 1915 Bowden alipewa cheo cha ubaroneti, heshima ya kifalme inayorithiwa, akawa Sir Frank Bowden. Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaendelea na kiwanda kilikuwa kikitengeneza zana za kivita. Ukoo wake ulikuwa na nembo yenye kichwa cha korongo, na korongo huyo ndiye aliyehamia kwenye baiskeli.

Angalia nembo iliyoko mbele, chini ya usukani. Kisha angalia gia kubwa ya pedeli, ile inayoshika mnyororo. Kwenye Raleigh nyingi za barabara utaona vichwa vya korongo vimetobolewa ndani ya chuma chenyewe. Nembo ya bati inabandikika, lakini gia iliyotobolewa hivyo ni kazi ya kiwandani.

Ukikuta picha nyingine usishangae. Gia yenye mkono ulio wazi ni ya Rudge. Gia yenye watu wadogo kama wanaocheza ngoma kwa duara ni ya Humber. Bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja ni nembo ya BSA. Hizo nazo ni baiskeli za heshima, na zote ziliishia kuwa chini ya Raleigh: Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943, BSA mwaka 1957. Lakini fremu yenye korongo mbele na mkono kwenye gia ina habari mbili ndani yake, na mwenyewe anapaswa kukueleza.

Frank Bowden alifariki mwaka 1921 akiwa na umri wa miaka 73. Mtu aliyedaiwa kubakiwa na miezi sita alikuwa amekiona kiwanda chake kikinusurika anguko la soko, tapeli wa hisa na vita ya dunia. Harold, yule mtoto aliyezaliwa San Francisco, alirithi kampuni na cheo.

Raleigh inafika kwetu

Baiskeli nyingi tunazoziona Dodoma zilitengenezwa baada ya kifo chake, kwa mfumo aliouacha. Mwaka 1951 Raleigh ilitengeneza zaidi ya baiskeli milioni moja kwa mwaka, na sehemu kubwa ilikwenda nje ya Uingereza. Tangazo moja mashuhuri la kampuni hiyo kwa ajili ya Afrika lilimwonyesha kijana akimwacha simba nyuma kwa kasi ya baiskeli yake. Kwa mtu wa uwanda huu, ambako kutoka kisima kimoja hadi kingine ni mwendo, baiskeli ilikuwa gari, ilikuwa mahari, ilikuwa zahanati ya mgonjwa anayebebwa usiku.

Baiskeli za kusafirishwa mbali mara nyingi zilifungwa vipandevipande kwenye masanduku, zikaunganishwa dukani. Na si kila Raleigh ilitoka Nottingham. Nchini India, katika mji wa Asansol, kampuni ya Sen-Raleigh ilitengeneza Raleigh kwa kibali tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hizo ni Raleigh halali, ila si za Uingereza, na mkusanyaji hulipa kwa kuzingatia tofauti hiyo. Soma kwa makini maandishi madogo ya nchi chini ya nembo.

Kisha zilikuja baiskeli za umbo lilelile: Phoenix kutoka China, Hero na Avon kutoka India, na Swala yetu iliyotengenezwa Dar es Salaam. Kwa mbali zote ni ndugu. Usukani mpana, breki za fimbo, keria nzito nyuma. Hapo ndipo udanganyifu unapopata nafasi, na hapo ndipo namba inapohitajika.

Namba ya fremu: isome hivi

Kiwanda hakikugonga namba ili wajukuu wetu wajue umri wa baiskeli. Kiligonga ili kihesabu mali yake. Ndiyo maana namba za Raleigh za zamani zina utata: mpangilio ulibadilika mara kadhaa, namba zilijirudia, na kumbukumbu za kiwanda hazikubaki zote. Mtu akikutajia mwaka kamili kwa kuangalia orodha moja kwenye simu, mshukuru, lakini usiuze wala usinunue kwa neno hilo pekee.

Anza kwa kuitafuta. Mara nyingi ipo juu, pale siti inapoingia kwenye fremu. Isipokuwepo, pindua baiskeli utazame chini ya kasha linalobeba ekseli ya pedeli. Sehemu ya tatu ni nyuma, kwenye bamba linaloshika ekseli ya gurudumu.

Safisha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Usitumie msasa wala brashi ya waya, kwa sababu utafuta kile unachokitafuta. Namba ikiwa hafifu, weka karatasi nyembamba juu yake na usugue kwa penseli ukiilaza. Au subiri asubuhi, jua likiwa chini, upige picha kwa simu mwanga ukija kwa ubavu: kivuli kitazijaza tarakimu. Andika kila herufi na kila tarakimu, hata ile unayoona haina maana.

Kisha jiulize mambo manne.

Kwanza, namba iko chini ya rangi au juu yake? Kiwandani fremu iligongwa namba kisha ikapakwa rangi. Rangi ya asili itakuwa imeingia ndani ya mikwaruzo ya tarakimu. Namba inayong'aa chuma kitupu katikati ya rangi ya zamani imegongwa baadaye.

Pili, tarakimu zimelingana? Mkono wa kiwandani hutumia mihuri ya aina moja. Tarakimu moja kubwa, nyingine imeinama, nyingine imezama kuliko wenzake, ni dalili ya nyundo ya mtaani.

Tatu, chuma kinachoizunguka kikoje? Mahali palipobonyea, palipokuwa bapa kuliko bomba lote, au penye michirizi ya tupa, pamefutwa kitu.

Nne, namba inakubaliana na mwili? Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970 Raleigh za Nottingham zilianza kubeba namba yenye herufi N mwanzoni, herufi ya pili ya kipindi cha mwaka, na tarakimu ya kwanza ikiwa ya mwaka wenyewe. Baiskeli yenye namba ya namna hiyo haiwezi kuwa ya enzi ya mkoloni, hata mwenyewe akiapa. Na Nottingham iliacha kutengeneza fremu mwaka 1999, kisha kiwanda kikafungwa mwaka 2002. Raleigh mpya kabisa basi haikutengenezwa Nottingham, hata kama stika yake inautaja mji huo.

Hesabu spoku, pima magurudumu

Baada ya namba, zunguka baiskeli nzima. Desturi ya Uingereza kwa baiskeli za barabara ilikuwa spoku 32 mbele na 40 nyuma. Ukihesabu 36 na 36, magurudumu yamebadilishwa. Baiskeli kubwa ya kiume ya breki za fimbo ilitumia gurudumu la inchi 28. Mtu akiweka la 26, breki hazikai vizuri na madigadi yanaachia nafasi kubwa.

Siti ya ngozi ya Brooks huwa na jina lililogandamizwa kwenye ngozi na bamba dogo nyuma. Siti hiyo peke yake ina wateja, na ndiyo inayong'olewa kwanza. Habu, tumeshaeleza. Kengele, taa na dainamo vikiwepo, visitupwe.

Lengo si kupata alama moja ya ushindi. Lengo ni kuona kama alama zote zinataja wakati mmoja. Namba inayosema 1950, habu inayosema 1951 na gia ya korongo zikikutana kwenye fremu moja yenye rangi yake ya zamani, umepata ushahidi. Stika inayosema 1950 na kila kitu kingine kinasema jana, umepata stika.

Iliyokarabatiwa si feki

Hapa tuelewane vizuri. Baiskeli iliyofanya kazi miaka 50 Miyuji, ikabadilishwa ringi, pedeli na mnyororo, haijawa feki. Imefanya kazi. Fundi wa chini ya mti aliyechomelea keria ya nondo ili ibebe magunia mawili hakumdanganya mtu. Mkusanyaji atalipa pungufu kwa ajili ya keria hiyo, lakini hana haki ya kuiita baiskeli yako ya uongo.

Feki ni ile iliyofichwa. Namba iliyosagwa, nembo iliyohamishwa, rangi iliyopakwa kuzuia macho. Tofauti kati ya ukarabati na udanganyifu ni kusema. Anayeuza akisema gurudumu la nyuma ni la Phoenix, biashara ni safi.

Kwa sababu hiyo tunawasihi: msipake rangi. Wengi wakisikia kuna mnunuzi hukimbilia dukani kununua kopo la rangi nyeusi ili baiskeli ipendeze. Kwa mkusanyaji, rangi ya kiwandani yenye kutu na mistari ya dhahabu iliyofifia ina thamani kuliko rangi mpya inayong'aa. Ukishaipaka, hairudi. Futa vumbi, tia oili kwenye mnyororo, iweke kivulini. Inatosha.

Kabla fedha haijabadilisha mikono

Ukiuza, usikubali bei ya kwanza ya mtu aliyefika uani kwa haraka. Piga picha za nembo, namba, gia, habu na siti, uulize zaidi ya mtu mmoja. Usimruhusu mtu kung'oa nembo peke yake kwa elfu chache. Fremu bila nembo imeshapoteza sehemu ya ushahidi wake, na nembo hiyo itakwenda kumdanganya mwingine.

Ukinunua, taka namba ionekane. Andikeni mkataba wenye namba ya fremu, majina na sahihi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Namba ikiwa imesagwa, acha, hata kama bei ni tamu. Kupokea mali ya wizi ni kosa kisheria, na kusema hukujua huku namba imefutwa mbele ya macho yako ni utetezi dhaifu.

Na hata kama huuzi wala hununui, nenda leo kaandike namba ya baiskeli yako nyuma ya daftari la nyumbani na uihifadhi picha yake kwenye simu. Siku ikiibwa, kituoni hawatakuuliza ilikuwa nzuri kiasi gani. Watakuuliza namba.

Frank Bowden aliacha jina ambalo halikuwa lake, habu iliyoitwa kwa majina ya wengine, na simulizi ya miezi sita ambayo kila mtu aliirudia. Yote hayo yanaweza kupakwa na kubandikwa. Vilivyobaki vya kweli ni vile vilivyogongwa kwenye chuma. Hivyo ndivyo tunavyowaomba mvitafute, kabla mtu mwingine hajavitafuta kwa niaba yenu.